Wimbo wa Siri, Maneno ya Kinyumenyume na Ushairi: Ni Kipi Hasa Kimefichwa Katika Albamu za Metali?

Mjini Dodoma, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, kuna mazungumzo ambayo hayaishi katika mabweni ya wanafunzi, katika makundi ya WhatsApp na katika semina za vijana makanisani: kwamba albamu za muziki wa metali zina nyimbo zilizofichwa ambazo hazimo katika orodha, kwamba ukizicheza kinyumenyume utasikia maneno ya kumtukuza Shetani, na kwamba hata mashairi yake ni mafumbo ya Freemason. Mtu hutuma kipande cha sauti cha sekunde chache, mwingine huongeza maelezo yake, na kabla ya jioni kila mmoja ana hakika juu ya albamu ambayo hakuna hata mmoja aliyeisikiliza mpaka mwisho. Katika mazungumzo hayo mambo matatu yanachanganywa kuwa moja, na makala haya yanakusudia kuyatenganisha. Moja ni la kweli na halina ubaya wowote. La pili limekwisha kupimwa na watafiti na hata kufikishwa mahakamani. Na la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye utajiri kuliko yote, halikufichwa kabisa, bali linampita msikilizaji kwa sababu hakutarajia kukutana na ushairi mahali pale.

Tuanze na majina. Muziki wa metali, au hevi metali kwa jina lake kamili, ni tawi la roki lililochipuka mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukomaa katika miaka ya 1970, hasa nchini Uingereza. Gita za umeme hupigwa kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi, ngoma na besi huwa nzito, na mwimbaji hupaza sauti, hunguruma au hupiga ukelele kulingana na aina ya metali anayoiimba. Watu wengi huhesabu albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya mjini Birmingham, iliyotoka Februari 1970, kuwa ndiyo mwanzo wake. Wimbo wa siri ni kipande cha muziki au cha sauti kilichorekodiwa ndani ya albamu lakini hakikuandikwa kwenye jalada, au kimewekwa mahali ambapo msikilizaji hawezi kukifikia bila kusubiri au kutafuta. Ujumbe wa kinyumenyume ni maneno yaliyorekodiwa kisha kugeuzwa, ili mwisho wake uwe mwanzo. Ama chimbuko la kishairi, hilo ni pale mtunzi wa wimbo anapolichukua shairi la mtu mwingine, mara nyingi la karne zilizopita, akalinukuu, akalisimulia upya au akalijibu.

Wimbo wa siri haukuzaliwa na metali. Mfano unaotajwa sana ni wa The Beatles, katika albamu ya Abbey Road ya mwaka 1969. Paul McCartney aliagiza kipande kifupi kiitwacho Her Majesty kiondolewe katika mfululizo wa nyimbo za upande wa pili, lakini fundi wa studio, ambaye alikuwa ameelekezwa asitupe chochote walichorekodi, akakiunganisha mwishoni mwa utepe. Albamu ilipochezwa, baada ya kimya cha sekunde kama 14, kikasikika kile kipande cha sekunde 23, na wenyewe wakakipenda wakakiacha. Jalada lilikuwa halina habari zake. Kwa hiyo mmoja wa mifano ya mwanzo kabisa ya wimbo wa siri ulitokana na uangalifu wa fundi, na hapakuwa na nia ya kumficha mtu jambo lolote. Mwaka 1979 bendi ya The Clash ilipata jambo linalofanana na hilo: wimbo wa Train in Vain uliongezwa katika London Calling wakati majalada yalikuwa tayari yamechapwa, nao ukabaki bila kutajwa. Black Sabbath nao, katika baadhi ya matoleo ya Sabotage ya mwaka 1975, wana kipande kifupi cha piano na mzaha kinachosikika kwa sauti ya chini baada ya wimbo wa mwisho, na anayekisikia kwa mara ya kwanza hudhani spika imepata hitilafu.

Teknolojia ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ndiyo iliyoufanya mchezo huu kuwa sanaa. Santuri ina mfuo mmoja unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, na yeyote anaweza kuutazama kwa macho akaona mahali ulipoishia. CD haionekani hivyo. Mashine huanza kwa kusoma orodha iliyoandikwa ndani ya diski, ambayo huieleza kila wimbo unaanzia wapi, na orodha hiyo inaruhusu namba za nyimbo hadi 99. Mwalimu anayeita mahudhurio husoma majina yaliyomo katika daftari. Mwanafunzi ambaye jina lake halikuandikwa anaweza kuwa ameketi nyuma ya darasa tangu asubuhi na asiitwe. Ndivyo ilivyo kwa wimbo wa siri: umo ndani ya diski, lakini orodha ama haiutaji, ama imeubandika kwenye mkia wa wimbo mwingine.

Kutokana na utaratibu huo zilipatikana njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuacha kimya kirefu baada ya wimbo wa mwisho kisha kuanza kingine ndani ya namba ileile. Nirvana, ingawa si bendi ya metali kwa maana kamili, walifanya hivyo katika Nevermind ya mwaka 1991, ambapo kimya cha takriban dakika kumi kinafuatwa na kelele kali za gita. Na hata hapo nakala za mwanzo zilitoka bila kipande hicho kwa makosa ya wakati wa kuandaa diski. Njia ya pili ni kuzijaza namba kwa kimya. Nine Inch Nails, katika Broken ya mwaka 1992, waliweka katika matoleo ya baadaye nyimbo mbili kwenye namba 98 na 99, na namba zote za katikati kuanzia 7 hadi 97 zikawa kimya cha sekunde moja moja. Tool waliupeleka wimbo wa mwisho wa Undertow, mwaka 1993, hadi namba 69. Korn walianza Follow the Leader ya mwaka 1998 kwa namba 12 za kimya, kila moja sekunde 5, hata wimbo wa kwanza ukawa wa 13. Inasimuliwa kuwa dakika ile moja ya kimya ilikuwa ni heshima kwa shabiki kijana aliyefariki kwa saratani baada ya kutimiziwa ombi lake la kukutana na bendi. Inafaa kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa sababu kipande ambacho mtu anaweza kukiogopa kwa kuwa hakielewi huenda kikawa ni rambirambi.

Njia ya tatu ndiyo ya werevu zaidi. CD huwa na nafasi kabla ya wimbo wa kwanza, ambayo mashine huiruka inapoanza kucheza. Mtengenezaji akiweka sauti katika nafasi hiyo, haitasikika kamwe kwa anayebonyeza kitufe cha kucheza. Ni lazima usimamishe mwanzoni mwa wimbo wa kwanza kisha urudishe nyuma, nazo sekunde kwenye kioo cha mashine zianze kuhesabu chini ya sifuri. Tutarudi kwenye nafasi hii, kwa sababu ndani yake kuna mfano ambao nauona kuwa mzito kuliko yote.

Tuje sasa kwenye maneno ya kinyumenyume, ambayo ndiyo yanayowatisha watu. Hapa tukumbuke mchezo wa kinyume ambao watoto wetu huucheza kwa kupindua silabi, mbuzi akawa zimbu, na wasikilizaji waliozoea wakaelewa bila shida. Watu wengi hudhani kwamba sauti ya muziki ikigeuzwa mambo huenda hivyohivyo. Sivyo. Mchezo wa watoto hupindua mpangilio wa silabi, lakini kila silabi inabaki nzima, ilhali mashine hugeuza sauti yenyewe, kila mlio ukaanza kwa kufifia kwake na kuishia kwa mpasuko wake, na kinachotoka si lugha ya mtu yeyote. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Lethbridge nchini Kanada, John Vokey na Don Read, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hili. Waliwasikilizisha watu maneno yaliyogeuzwa na kuwauliza kama ni ya kidini, ya kishetani, ya tangazo la biashara au mashairi ya watoto, na majibu yao hayakuwa bora kuliko kubahatisha. Lakini walipoelezwa mapema ni sentensi gani waitafute, wengi wakaisikia, hata pale ambapo watafiti wenyewe ndio walioibuni kutokana na milio iliyofanana nayo kwa mbali. Hicho ndicho kinachotokea katika makundi yetu ya simu: maandishi hutangulia juu ya video, na sikio hutii maandishi.

Jambo hili lilifika mahakamani. Mnamo Desemba 1985, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, vijana wawili walijipiga risasi. Mmoja alikufa siku ileile, na mwenzake alifariki miaka mitatu baadaye. Familia zao ziliishtaki bendi ya Judas Priest pamoja na kampuni ya kurekodi, zikidai kwamba katika wimbo mmoja wa albamu ya Stained Class ya mwaka 1978 kulikuwa na amri iliyofichwa, fupi ya maneno mawili, iliyowasukuma watoto wao. Kesi ilisikilizwa mjini Reno mwaka 1990. Mwimbaji Rob Halford aliwasikilizisha waliokuwamo mahakamani vipande vingine vya muziki wao vikichezwa kinyumenyume, na ndani yake zikasikika sentensi za kipuuzi kabisa, moja ikihusu kiti kilichovunjika, ili kuonyesha kwamba anayetafuta hakosi kitu. Jaji alihitimisha kwamba mlio uliolalamikiwa ulitokana na kukutana kwa bahati kwa pumzi ya mwimbaji na sauti ya gita, na bendi haikuonekana na hatia. Simulizi hili linastahili kuelezwa kwa heshima, kwa kuwa wazazi wale walikuwa na uchungu wa kweli na walikuwa wakitafuta sababu. Lakini sababu waliyoitafuta haikuwamo ndani ya santuri ile.

Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna bendi ya metali iliyowahi kuweka maneno ya kinyumenyume. Zipo, na zilifanya hivyo wazi. Slayer walifungua Hell Awaits ya mwaka 1985 kwa sauti zilizogeuzwa, kwa lengo la kutisha, kama filamu ya kutisha inavyofanya. Mfano unaotugusa sisi Watanzania kwa namna ya pekee ni wa Iron Maiden. Mwaka 1982 walitoa albamu ya The Number of the Beast, na makundi ya kidini huko Marekani yakawashutumu kuwa waabudu Shetani. Mwaka uliofuata, katika Piece of Mind, wakaweka kabla ya wimbo wa Still Life sauti iliyogeuzwa. Ukiirudisha katika hali yake ya kawaida, utamsikia mpiga ngoma wao, Nicko McBrain, akiigiza lafudhi ya Idi Amin kama ilivyokuwa ikiigizwa na wachekeshaji wa Uingereza, akiwaonya watu wasiingilie mambo wasiyoyaelewa, kisha anabeua. Kwao Amin alikuwa kichekesho. Kwetu alikuwa mtu aliyeivamia Kagera mwaka 1978, na ambaye majeshi yetu yalimng'oa Kampala mwezi Aprili mwaka uliofuata. Kijana wa Dodoma anayekitafuta kipande hicho akitarajia kusikia sauti ya Shetani atakutana na sauti ya adui ambaye babu yake huenda alimpigania vitani, imeigizwa na Mwingereza, imegeuzwa nyuma mbele, na imewekwa pale ili kuwajibu waliokuwa wakitafuta ujumbe wa siri.

Sasa tuichukue albamu hiyohiyo na kuitazama upande wake ulio wazi, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Wakati watu walikuwa wakihangaika kuigeuza Piece of Mind, wimbo wake wa pili, Revelations, ulikuwa unaanza kwa ubeti wa wimbo wa kanisani wa mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton, uliochapwa katika kitabu cha nyimbo cha Waanglikana wa Uingereza mwaka 1906, ambao ni sala ya kumwomba Mungu awasikie watu wake na kuwaondolea kiburi. Maneno yamo, yameimbwa kwa utaratibu, na hayahitaji kurudishwa nyuma. Katika albamu hiyo pia kuna The Trooper, uliotokana na mapigano ya Balaclava ya Oktoba 1854 katika vita vya Crimea, ambayo mshairi Mwingereza Alfred Tennyson aliyatungia shairi mashuhuri katika mwaka uleule. Tennyson aliandika kama mtu anayetazama kutoka mbali, akiwasifu wapanda farasi waliotii amri iliyokuwa na makosa na kwenda kufa. Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, aliibadili nafsi: katika wimbo wake anayesema ni askari mwenyewe, anakimbia juu ya farasi, anaanguka, na anakufa bila mtu wa kumlilia, huku besi ikipiga mwendo wa kwato. Sifa ya shujaa imegeuka kuwa sauti ya marehemu. Mtu aliyefundishwa kuchambua mashairi sekondari, akaulizwa nafsineni, yaani anayesema katika shairi, ni nani, ana kila kitu kinachohitajika kuliona badiliko hilo.

Mwaka mmoja baadaye bendi hiyo ilikwenda mbali zaidi. Albamu ya Powerslave ya mwaka 1984 inafungwa na wimbo wa zaidi ya dakika 13 unaosimulia upya shairi refu la Samuel Taylor Coleridge lililochapwa mwaka 1798, kuhusu baharia aliyempiga mshale ndege wa baharini aitwaye albatrosi bila sababu, merikebu yao ikakwama katika bahari isiyo na upepo, wenzake wote wakafa kwa kiu na laana, na yeye akabaki hai akilazimika kukisimulia kisa chake kwa kila anayepangiwa kukisikia. Beti nyingi Harris amezisimulia kwa maneno yake, lakini mahali pawili amemwachia Coleridge mwenyewe aseme. Pale katikati muziki unatulia karibu na kunyamaza, unasikia mbao za merikebu zikilia, na sauti ya mtu inakariri. Aliyezoea utenzi, ambapo kisa kirefu hubebwa ubeti kwa ubeti hadi mwisho na msikilizaji hukaa akisubiri, hataona ajabu kwamba wimbo unaweza kuchukua dakika 13. Ataona ajabu zaidi kwa nini nyimbo nyingine ni fupi.

Wapo wengine wengi waliochota kwa washairi wa Ulaya wa zamani, na hapa nitapita haraka. Sepultura wa Brazili waliijenga albamu yao ya mwaka 2006 juu ya Dante. Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, alitoa peke yake mwaka 1998 albamu iliyojaa William Blake. Symphony X walimchukua Homer mwaka 2002, na mwaka 2007 wakaiita albamu yao kwa jina la utenzi mkuu wa John Milton wa mwaka 1667. Celtic Frost wa Uswisi walimwimba Baudelaire mwaka 1987. Hawa wote walitaja vyanzo vyao, na shabiki wa kawaida wa metali huvijua.

Nimesema tutarudi kwenye ile nafasi iliyo kabla ya wimbo wa kwanza. Mwaka 2004 bendi ya Rammstein ya Ujerumani ilitoa albamu iitwayo Reise, Reise. Jalada lake limechorwa lifanane na kinasa sauti cha ndege, kile kisanduku cha rangi ya machungwa kinachotafutwa baada ya ajali, pamoja na onyo la kutokifungua. Katika matoleo kadhaa ya CD hiyo, anayerudisha nyuma kutoka mwanzo wa wimbo wa kwanza husikia kipande kifupi cha sauti za chumba cha marubani wa ndege ya Japan Airlines namba 123, iliyoanguka milimani nchini Japani tarehe 12 Agosti 1985, watu 520 kati ya 524 waliokuwamo wakafa. Huu ndio wimbo wa siri ambao si wimbo. Inawezekana kabisa mtu akauliza kama ni haki kuitumia sauti ya watu waliokuwa karibu na kifo, na mimi naona swali hilo ni zito kuliko maswali yote ya Freemason, kwa sababu linahusu watu halisi na familia zao. Lakini kwa upande wa kazi ya sanaa, mahali ilipowekwa sauti hiyo hapakuchaguliwa ovyo: kisanduku kinasema usifungue, na asiyefungua hasikii.

Ndani ya albamu hiyohiyo kuna wimbo uitwao Dalai Lama, ambao umejengwa juu ya shairi la mwaka 1782 la Goethe, mshairi wa Kijerumani. Katika shairi la Goethe baba anakimbia usiku juu ya farasi akiwa amempakata mwanawe. Mtoto anamwona na kumsikia mfalme wa mizimu ya msituni akimwita. Baba anamjibu kwamba ni ukungu, ni majani makavu yanayochakarika. Mizimu inabembeleza, mtoto analia, baba anatuliza, na wanapofika nyumbani mtoto amekufa mikononi. Shairi zima ni majibizano ya sauti, na kwa hiyo msomaji wa Dodoma ana ufunguo wake mkononi. Mathias Mnyampala, mshairi Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, ndiye aliyezianzisha ngonjera, mashairi ya watu wanaojibizana, ambazo baada ya Azimio la Arusha zilisambaa katika shule nchi nzima. Katika ngonjera mwenye shaka na mwenye kujua hupishana beti mpaka mmoja ashawishike. Kwa Goethe majibizano ni yaleyale kwa umbo, lakini hakuna anayeshawishika, na hilo ndilo linalotisha.

Till Lindemann, mwimbaji na mtunzi wa Rammstein, alimwondoa farasi na kuweka ndege. Baba na mtoto wamo angani, dhoruba inaitikisa ndege, na sauti kutoka mawinguni zinamwita mtoto. Mpaka hapo ni Goethe aliyevishwa nguo mpya. Kisha anabadilisha jambo moja tu: baba, kwa hofu yake, anamkumbatia mtoto kwa nguvu, hatambui kuwa mtoto anakosa pumzi, na ni mikono ya baba inayoitoa roho. Katika shairi la kale mauti yalitoka nje, kwa mizimu. Katika wimbo yanatoka ndani, kwa mapenzi yaliyochanganyika na woga. Anayeujua wimbo bila shairi husikia kisa cha kusikitisha. Anayevijua vyote viwili husikia hoja: kwamba hofu inaweza kuua kile ilichokuwa inakilinda. Na anayeijua pia ile sauti iliyo kabla ya wimbo wa kwanza anaelewa kwa nini kisa hiki kimewekwa ndani ya ndege. Hapo siri na ushairi vimeshikana, na sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha mtu kwamba kuficha katika albamu kunaweza kuwa sehemu ya utunzi wenyewe.

Kuna sehemu moja zaidi ambapo msikilizaji wa Kiswahili ana faida kubwa, nayo ni mizani. Sisi tumefundishwa kuhesabu silabi: shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na utenzi una mizani nane kwa kila kipande. Tool, katika wimbo wa Lateralus wa mwaka 2001, walifanya jambo ambalo Mswahili yeyote anaweza kulithibitisha kwa vidole vyake. Silabi za vipande vya mwanzo vya ubeti zinakwenda 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha zinashuka 5, 3. Kila namba katika kupanda ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Wanahisabati huuita mfuatano huo kwa jina la Fibonacci, Mwitaliano wa karne ya 13, lakini wataalamu wa arudhi wa India, akiwamo Hemachandra katika karne ya 12, walikuwa wamekwisha kuueleza walipokuwa wakihesabu namna silabi fupi na ndefu zinavyoweza kupangwa katika mshororo. Kwa maneno mengine, mfuatano ule ulikuwa mali ya washairi kabla haujawa mali ya watu wa namba, na katika wimbo huo umerudi kwa wenyewe.

Vivyo hivyo Amorphis wa Finland, ambao mwaka 1994 waliiunda albamu nzima kutokana na Kalevala, mkusanyo wa tenzi za masimulizi ambazo daktari Elias Lönnrot alizikusanya kutoka kwa waimbaji wa vijijini na kuzichapa mwaka 1835, kisha kuzipanua mwaka 1849. Mshororo wa kawaida wa Kalevala una silabi nane, idadi ileile ya kipande cha utenzi. Sidai kwamba Wafini na Waswahili waliambiana. Nadai kwamba anayetoka katika desturi ya kukariri visa kwa mizani nane atausikia mwendo ule hata kabla hajaelezwa maana. Na si Ulaya peke yake inayotumia urithi wake kwa namna hii. Bendi ya Skinflint ya Botswana huimba visa vya mapokeo ya Kiafrika, na Arka'n Asrafokor wa Togo huchanganya gita za metali na ngoma za nyumbani pamoja na lugha ya Kiewe. Nani atakayeuchukua utenzi wa Kiswahili na kuupigia gita nzito? Ningependa sana kumsikia, na ningefurahi zaidi akitokea Ugogo.

Limebaki jambo la matumizi, kwa kuwa wengi wetu hatununui CD. Kijana huenda kwenye kibanda akaingiziwa nyimbo kwenye flashi, au husikiliza kwa simu kupitia intaneti. Programu ya kunakili CD hufuata orodha ya diski, kwa hiyo sauti iliyowekwa kabla ya wimbo wa kwanza huachwa nyuma isipokuwa aliyenakili aliitafuta makusudi. Wimbo uliobandikwa kwenye mkia wa mwingine hubaki, lakini anayeona kimya cha dakika kadhaa huruka kwenda mbele au huukata ili kuokoa nafasi, na kampuni za muziki mtandaoni mara nyingi huutenga na kuupa jina na namba yake, siri ikaisha. Dalili ya kwanza ya kutafuta ni urefu: wimbo wa mwisho ukiandikwa dakika 20 ilhali uimbaji unaishia dakika ya nne, uache uendelee. Ama kwa upande wa ushairi, tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa, uyasome bila muziki, uhesabu mizani, uulize ni nani anayesema na anamwambia nani, kisha usikilize tena.

Na kwa kiongozi wa vijana anayeombwa atoe kauli juu ya kipande cha kinyumenyume kilichosambazwa, ushauri wangu ni huu: ondoa maandishi yaliyowekwa juu ya video, wasikilizishe watu ambao hawajaelezwa chochote, na kila mmoja aandike peke yake alichosikia kabla ya kuzungumza na mwenzake. Kama karatasi kumi zitaleta majibu kumi, jaribio la Lethbridge litakuwa limerudiwa pale ukumbini, bila gharama, na mjadala unaweza kuhamia kwenye maneno ambayo bendi imeyaimba kwa sauti, mengine ya kusifiwa na mengine ya kupingwa kwa hoja.